Maneno Hamsini Yaliyofichwa

Wiki iliyopita mzee mwenye duka la vipuri kwenye Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, aliniuliza: "Kijana, tovuti ninayo na ninailipia kila mwaka. Mbona nikitafuta kwa Google naona washindani wangu tu?" Swali hilo nililisikia mara ya kwanza mwaka 2005, na wakati huo kosa lilikuwa langu mimi. Nitawaeleza, lakini kwanza turudi nyuma kidogo.

Chombo cha mwanzo cha kutafutia vitu kwenye intaneti kiliitwa Archie. Alikiunda Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, mwaka 1990 akiwa Chuo Kikuu cha McGill kule Montreal. Kilijua majina ya faili tu. Yaliyomo ndani hakikuyaona. Mwaka 1994 wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walianzisha orodha ya tovuti iliyokuja kuitwa Yahoo. Hiyo ilipangwa na binadamu, kundi kwa kundi, na ndani ya kundi majina yalifuata alfabeti. Kama jina la biashara yako lilianza na Z, pole sana!

Desemba 1995 ikaja AltaVista, iliyosoma maandishi yote ya ukurasa. Hapo ndipo ujanja ulipoanza, maana injini za wakati huo ziliamini uliyoyasema juu yako mwenyewe. Kulikuwa na tagi ya meta ya maneno muhimu, iliyojificha ndani ya msimbo: msomaji haioni, mashine inaisoma. Watu wakaijaza hadi ikafurika. Muuza matairi aliweza kuandika "matairi" mara mia, tena kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Ukitafuta kitu unaletewa takataka.

Larry Page na Sergey Brin, waliosajili Google Septemba 1998, walichota wazo lao kwa wasomi: makala inayotajwa na makala nyingine nyingi huenda ina uzito. Kiungo wakakifanya kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ikahesabiwa zaidi. Kujisifu hakukutosha tena. Ilibidi wengine wakutaje. (Naam, watu wakaanza kununua viungo.) Novemba 2003 Google ilibadilisha hesabu zake, badiliko ambalo wenye kazi hii waliliita Florida, na maduka mengi ya mtandaoni yakaporomoka wiki chache kabla ya Krismasi, msimu wao wa kuuza. Wakubwa nao hawakupona. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa kwenye Google kwa siku chache, kwa sababu kurasa ilizoionyesha mashine hazikuwa zile alizoziona mtu.

Haya, sasa aibu yangu. Mwaka 2005 nilimtengenezea tovuti bwana mmoja aliyekodisha nyumba za wageni kule Diani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa Flash tupu: jahazi linapita, ngoma zinalia, jua linazama. Nilijivunia kweli! Na kwenye tagi ya meta nikamwekea maneno hamsini, nikayatoza pesa katika ankara kama "kazi ya SEO".

Miezi sita baadaye akanipigia simu. Wageni walikuwa wakimpata jirani yake. Nikaifungua tovuti ya jirani: rangi mbaya, haina jahazi wala ngoma. Lakini ilieleza kwa maandishi ya kawaida vyumba ni vingapi, bahari iko umbali gani, bei, na namna ya kufika ukishavuka feri ya Likoni. Isitoshe, blogu moja ya wasafiri ilikuwa imeiwekea kiungo.

Nilimjengea kurasa upya bila malipo, kila nyumba na ukurasa wake na kichwa chake. Baada ya muda akaniambia amepata mgeni kutoka Ujerumani kwa njia ya Google. Mmoja! Pesa ya yale maneno hamsini sikumrudishia. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba tagi ile haiitumii kabisa kupanga matokeo, nikaikumbuka ankara yangu. Flash nayo ilizikwa mwisho wa 2020.

Turudi Kirinyaga. Tovuti ya mzee haina Flash, lakini bei zote zimo ndani ya picha za mabango, na kila ukurasa una kichwa kimoja: "Karibu". Maandishi pekee yanasema anatoa "suluhisho kamili za magari". Nikamuuliza kama kuna mteja aliyewahi kusimama kaunta akaomba suluhisho kamili. Akacheka. Wanaomba shoki za Probox, akasema, na wanataka kujua kama ni mpya au za mtumba.

Kesho ananiletea daftari lake la kaunta. Tutaanzia hapo.