Kuhara Damu Miongoni mwa Wapagazi na Askari wa Meru na Embu

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Afrika Mashariki waliobebea jeshi la Uingereza mizigo na kuuawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi, na kuhara damu kulikuwa miongoni mwa maradhi yaliyoua zaidi. Serikali ya Uingereza ilikiri vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria huamini idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi.

Sheria ya kikoloni ya 1915 iliruhusu vijana kuchukuliwa kwa lazima, na mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa wapagazi. Kijana aliyechukuliwa kutoka pande za Kanyakine, Imenti Kusini, katika Meru, alizoea baridi ya Mlima Kenya, maji ya mito iendayo kasi, viazi vikuu, ndizi, na mahindi na maharagwe yaliyochemshwa hadi yakaiva kabisa. Wapagazi wa bara waliteremshwa Mombasa kwa reli, na wengi wakapakiwa melini kwenda Kilwa na Lindi.

Huko posho ilikuwa unga wa mahindi uliosagwa ovyo. Walipotua mizigo jioni, kuni zilikuwa mbichi, sufuria hazitoshi, nao wamechoka. Ugali ukaliwa haujaiva, na pumba zikakwaruza matumbo. Tumbo lililodhoofika hivyo halikuhimili vijidudu. Kulikuwa na bakteria wa Shigela na kulikuwa na amiba, na wote hutoka kwenye kinyesi hadi kinywani kupitia maji, mikono na inzi. Maelfu walipita njia moja, wagonjwa hawakuwahi chooni, na kila kundi likachota maji mahali ambapo lililotangulia limepachafua.

Dawa ya emetini ilitibu amiba, lakini haikufaa kitu kwa bakteria. Matunzo ndiyo yaliyookoa wengi: kikosi cha watu wa misheni kilichoongozwa na daktari John Arthur mwaka 1917 kililishwa na kuangaliwa vizuri, na vifo vyake vikawa vichache kuliko vya wapagazi wengine.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipigana katika Bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua kubwa za monsuni. Matope, maji machafu na inzi vilileta kuhara kule kule. Safari hii, hata hivyo, maji yalitiwa klorini, na madaktari walikuwa na sulfaguanidini, dawa iliyoweza kuwakabili bakteria.