KUSHIKA MKIA: MKIA WA NANI? (Maneno tunayowaambia watoto, sehemu ya 4)

Leo sina somo la uji wala chanjo.

Juzi kliniki napima uzito, mama mmoja kaja na mtoto wa miezi tisa mgongoni. Kaka mtu, wa darasa la tatu, ndiye kashika kadi. Nikamuuliza, shule vipi kijana? Kabla hajafungua mdomo mama akadakia: "Huyu muache tu nesi, kazi yake kushika mkia." Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nisiwadanganye. Halafu nikamwona mtoto anaangalia vidole vyake vya miguu.

Usiku neno lile likanikaa kichwani. Mkia wa nani huo?

Maana yake ya sasa haina fumbo. Mnyama akitembea kichwa kinatangulia, mkia unafuata, kwa hiyo anayeushika yuko nyuma ya wote. Kwa Kiyao mkia ni mchila. Magazeti yanapenda sana lugha hii, timu "inaburuza mkia", mkoa "umeshika mkia", na sisi wa kusini tumeshasomwa hivyo mara nyingi. Mashabiki wa Ndanda FC mliolia iliposhuka daraja 2020, poleni, sikusudii kuwakumbusha.

Lakini jamani, zamani mkia mkononi haukuwa aibu. Usinga ni nini kama si manyoya ya mkia yaliyofungwa kwenye mpini? Waliushika machifu, wazee wa heshima, waganga, wakuu wa ngoma. Mtazameni Jomo Kenyatta kwenye picha zake, usinga haumtoki mkononi, na yule hakuwa wa mwisho, alikuwa Rais. Yaani maneno ni yale yale, huyu kashika mkia na yule kashika mkia, mmoja anaamkiwa, mwingine anachekwa.

Mimi naona kilichogeuza ni orodha. Bila orodha hakuna wa mwisho. Watoto wetu wakitoka jando wanapokelewa kwa ngoma moja, hakuna anayekabidhiwa karatasi ya "nafasi ya 54 kati ya 54". Orodha imekuja na shule, na huku kwetu shule si ngeni. Askofu Edward Steere alifika Masasi 1876 na watu waliokombolewa utumwani, wamisheni wakafundisha. Wabenedikti wakaanza Ndanda 1906. Wala tusidhani ukatili huu ni wetu peke yetu. Ufaransa mtoto aliyefeli alivalishwa kofia yenye masikio ya punda, akasimamishwa mbele ya wenzake. Wao masikio, sisi mkia.

Sasa niwaambie la nyumbani. Mdogo wangu alifanya mtihani wa kidato cha nne 2012. Wengi mnaukumbuka mwaka ule. Tarehe 18 Februari 2013 Waziri Shukuru Kawambwa akatangaza matokeo: kati ya watahiniwa wa shule 367,750, waliopata ziro walikuwa 240,903. Fikirieni, mkia ulikuwa mkubwa kuliko ng'ombe mwenyewe! Lakini nyumbani hatukuiona ile laki mbili na ushee. Tulimwona yeye mmoja. Mjomba alisema neno hilo hilo, mbele ya wageni. Wiki haikuisha mdogo wangu akachoma madaftari nyuma ya jiko, akaenda Masasi mjini kubeba mizigo.

Mei mwaka huo huo Serikali ikayafuta matokeo na kuyapanga upya. Mdogo wangu akawa na daraja la nne. Nilimpigia simu kumwambia. Akajibu, "Sawa dada," akakata. Hajarudi shule mpaka leo.

Mwaka ule ule mpango wa Matokeo Makubwa Sasa ukaanza kupanga shule kwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Nyekundu mnaijua kutoka kwenye kadi ya kliniki. Ila mtoto akiingia nyekundu kwangu, simwiti mkia. Nauliza anakula nini, mara ngapi, aliugua lini, na nampa mama tarehe ya karibu ya kurudi. Januari 2023 Baraza la Mitihani nalo likaacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Juu kumefutwa, nyumbani mkia bado tunao.

Turudi kwa yule kijana. Nilipomaliza kumpima mdogo wake nikampa kadi, nikamwambia nisomee. Akafuata mstari kwa kidole, polepole, mpaka kwenye nukta ya mwezi huu. "Kilo saba na nusu," akasema. Ilikuwa sahihi. Kisha akaniuliza, "Mwezi uliopita saba na nusu pia. Mbona hajaongezeka?"

Mama yake alikuwa hajaliona hilo. Tukakaa chini wote watatu tukaanza kuzungumza habari ya uji.