Yoga ya chumba cha moto: ilitoka wapi, na sisi tuchukue nini?

Mwezi wa sita na wa saba hapa Lubumbashi baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Familia zilizokimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto, Manono ama mashariki ya nchi zinaisikia baridi hiyo zaidi, maana wengi walifika bila hata blanketi. Na kwenye simu zinazunguka picha za watu wanaofanya yoga ndani ya chumba chenye moto, jasho linatiririka, na maneno yanasema jasho hilo linatoa sumu mwilini. Wengine wanafikiri: na mimi nifunge mlango, niweke mbabula katikati, nijaribu. Kabla ya kuwasha makala, tufuate historia ya moto huo.

Yoga ni kazi ya zamani sana ya Wahindi, ya mikao na pumzi. Moto wa chumbani si wa zamani. Katika mji wa Calcutta, Bishnu Ghosh, aliyeishi kutoka 1903 mpaka 1970, alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mwaka 1923. Kwake kila mtu alipewa mikao kufuatana na ugonjwa wake ama udhaifu wake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Bikram Choudhury. Huyu alikwenda kufundisha Japani, na mwenyewe alisimulia kwamba huko, wakati wa baridi kali, alileta mashine za kupasha moto ili chumba kifanane na joto la kwao Calcutta. Kwa hiyo moto ulianza kama dawa ya baridi ya Japani tu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Marekani, California. Hapo mazoezi yakawa biashara kubwa: mikao 26, dakika 90, joto la digrii 40 hivi, na unyevu wa hewa juu yake. Kilichokuwa njia ya kushinda baridi kikageuka kuwa siri ya afya, na watu wakalipa.

Halafu mambo yakafika mahakamani. Choudhury alitaka mpangilio wa mikao yake 26 uwe mali yake, mwingine asiufundishe bila ruhusa. Mwezi wa kumi mwaka 2015, mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa: kitabu kinachoeleza mazoezi kinaweza kuwa na mwenyewe, lakini mazoezi yenyewe hayana. Tena, kuanzia 2013, wanawake kadhaa waliokuwa wanafunzi wake walimshitaki kwamba aliwashambulia kingono, yeye alikana. Mwaka 2016 baraza la mahakama mjini Los Angeles liliamua amlipe Minakshi Jafa-Bodden, aliyekuwa mwanasheria wake, zaidi ya dola milioni 6 kwa kumnyanyasa na kumfukuza kazi. Choudhury aliondoka Marekani, na mwaka 2017 jaji alitoa hati ya kumkamata. Hapo kuna fundisho kwa kila mzazi: mwalimu, hata akiwa na jina kubwa namna gani, asipewe mwili wa mtu bila macho ya watu wengine.

Je, moto wenyewe unasaidia? Mwaka 2018 watafiti wa Texas walitoa matokeo yao. Watu walifanya mikao hiyo hiyo kwa wiki 12, kundi moja kwenye digrii 40.5, lingine kwenye digrii 23. Mishipa ya damu ilipata nafuu katika makundi yote mawili. Faida ilitoka kwenye mazoezi, haikuhitaji moto. Na jasho ni maji na chumvi, kazi yake ni kupoza mwili. Kazi ya kusafisha damu ni ya figo na maini.

Sasa turudi kwenye mbabula. Makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia usingizi, na anaweza asiamke tena. Hakuna mkao unaostahili hatari hiyo. Mama mwenye mimba, mgonjwa wa moyo au wa presha, na mtoto mdogo wajiepushe na joto kali hata kama linatoka kwenye mashine ya umeme.

Lakini tusitupe vyote. Mjini Nairobi, toka mwaka 2007, shirika la Africa Yoga Project limefundisha vijana wa mitaa maskini kuwa walimu wa yoga, nao wakapata kazi ya kufundisha wenzao. Hicho ndicho cha kuchukua. Kunyoosha mgongo, kupanua kifua, kuvuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi: haya yanafanyika uani, juu ya mkeka, jua la saa nne likiwa limeshapasha ardhi, na watu wengine wakiwa karibu. Yanasaidia mwili uliolala chini, na kichwa kilichobeba habari mbaya za nyumbani.

Aliyekimbia aliacha shamba, nyumba na mifugo. Pumzi yake alikuja nayo, na hata mahakama ilikataa mazoezi kuwa mali ya mtu mmoja.