Chambo Kisicholiwa: Taa na Uvuvi wa Usiku katika Ziwa Tanganyika

Mtaa wa Kinanira umo kusini mwa jiji la Bujumbura, katika ardhi inayoanza kupanda kuelekea milimani. Mtu akisimama penye mwinuko usiku usio na mwezi, akaelekeza macho magharibi, huona taa nyingi zimetawanyika juu ya Ziwa Tanganyika kana kwamba kuna mji mwingine majini. Mgeni huzidhani ni taa za Uvira ng'ambo ya pili. Sivyo. Kila taa ni chambo, na chini yake pana wavu.

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi historia ya chambo hicho: kilivyoanza, kilivyobadilishwa mara kwa mara, na kila badiliko lilivyomgusa mvuvi mwenyewe. Twaamini kwamba habari hizi zinamfaa mwalimu wa Kiswahili, kwa kuwa katika ziwa hili lugha yetu imekuwa lugha ya kazi kwa muda mrefu, na historia ya kazi haiachani na historia ya maneno yake.

Maana ya chambo

Wanafunzi wetu wengi hujifunza kwamba chambo ni kitu kiliwacho, kinachotiwa katika ndoana au mtego ili kumvuta samaki. Maana hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Wapo wavuvi ulimwenguni watumiao chambo cha bandia cha mti, manyoya au chuma kinachong'aa, na hukibadilisha rangi na ukubwa kufuatana na maji na saa ya siku. Samaki hudanganywa kwa jicho, wala si kwa tumbo. Mwanga wa taa ni wa jamii hiyo hiyo. Ni chambo kisicholiwa, kisichooza, na kisichoisha kwa kudonolewa.

Hata hivyo mwanga haumdanganyi dagaa kabisa. Vidudu vidogo vya majini, ambavyo mchana hukaa vilindini, hupanda juu usiku, na vikiona mwanga hukusanyika. Dagaa navyo huvifuata vidudu hivyo kwa kuwa ndivyo chakula chake. Nyuma ya dagaa huja samaki mkubwa zaidi, ambaye Bujumbura huitwa mukeke na Kigoma huitwa mgebuka, naye huja kumla dagaa. Basi taa moja huandaa karamu ya ngazi tatu, na mvuvi huwa mgeni wa nne.

Dagaa wenyewe ni wa aina mbili zinazofanana, na majina yao hubadilika kwa kila bandari: Bujumbura ni ndagala, Kigoma ni dagaa, na Mpulungu, kule Zambia, ni kapenta.

Mwezi mmoja, kazi mbili

Yafaa hapa tulinganishe ziwa na pwani. Katika pwani ya Waswahili, watu wavuao kwa miguu hungoja maji kupwa. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo na uwapo mpevu, bahari hurudi mbali, na wanawake kwa wanaume hutembea juu ya miamba wakitafuta pweza katika mashimo yake. Ndiyo asili ya methali isemayo kwamba mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kwa watu hao mwezi ni rafiki, kwa kuwa ndio unaovuta maji na kufunua miamba.

Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo. Ni ziwa refu lenye kilomita zipatazo 670, na kina chake hufika mita 1,470. Maji yake huanguka kilindini karibu sana na ufuko. Hapa pia mwezi hutawala, lakini kwa njia iliyo kinyume. Mbalamwezi ikitanda, uso wa maji wote huwa na nuru, na taa ya mvuvi hupoteza nguvu zake. Dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu wavuvi wa dagaa hupumzika, wakashona nyavu na kuziba mitumbwi. Hakuna serikali iliyotunga sheria hiyo. Tangu zamani ziwa lilikuwa na likizo yake ya kila mwezi, na samaki walipata nafasi ya kupumua.

Enzi ya kuni

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, wakifuata njia ya misafara iliyotoka pwani, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwatangulia midomoni mwa wafanyabiashara na wapagazi. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo wasafiri hao walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley nao walipita kwa mtumbwi katika pwani hii ya kaskazini, wakalala Mugere, mwendo mfupi kusini mwa Kinanira ya leo, ambako jiwe la ukumbusho wao lingalipo. Wakati huo Bujumbura ilikuwa haijawa mji. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi mahali hapa mwaka 1897, na katika enzi ya ukoloni kiliitwa Usumbura.

Chombo cha kale cha kuvulia dagaa kilikuwa lusenga, yaani wavu wenye umbo la kikapu kirefu uliofungwa katika mti. Mtumbwi wa gogo ulibeba watu wachache. Mbele ya mtumbwi kuliwashwa kuni au matita ya matete makavu. Dagaa walipokusanyika penye mwanga, mvuvi aliuzamisha wavu wake na kuwateka.

Tuchunguze gharama ya chambo hicho. Kuni zilitoka vilimani, nao moto ulitoka jikoni. Mvuvi hakumwendea mtu kukopa mwanga. Kwa upande wa pili, moto wa kuni huyumba kwa upepo, huzimwa na mvua, na mwanga wake haupenyi mbali majini. Uvuvi ulikuwa mdogo kwa sababu chambo kilikuwa hafifu. Mvuvi alikuwa huru, na kapu lake lilikuwa jepesi.

Karabai, jahazi la chuma na Apolo

Badiliko kubwa lilikuja kabla na wakati wa miaka ya 1950, taa za mafuta ya taa zenye kupigwa pampu zilipochukua mahali pa kuni. Wazungumzaji wa Kiswahili waliziita karabai. Jina hili lenyewe lina historia: lilitokana na kabaidi, yaani dawa itoayo gesi ya kuwaka inapotiwa maji, ambayo ilitumika katika taa za mwanzo. Taa za kabaidi zilipotoweka, jina lilihamia kwenye taa za mafuta. Neno lilibaki hai ingawa kitu kilichoitwa hivyo kilikuwa kimekufa.

Mwanga wa karabai ni mweupe na hautetereki. Kwa nguvu hiyo mpya, nyavu nazo zilikua. Katikati ya miaka ya 1950 Wagiriki waliokaa Usumbura walianzisha uvuvi wa jahazi za chuma zenye injini, wakitumia wavu mkubwa wa kuzingira na mashua ndogo za kubeba taa. Katika miaka hiyo hiyo wavuvi wadogo walianza kuunganisha mitumbwi miwili kwa miti, wakauning'iniza wavu kati yake na taa juu yake. Dagaa walipojaa, wavu uliinuliwa kutoka chini. Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, vyombo vya namna hii vilifanywa vikubwa zaidi, vikapewa jina la Apolo, jina linalotukumbusha vyombo vya Marekani vilivyokwenda mwezini. Ni ajabu ya lugha kwamba wavuvi wanaoukimbia mwezi walijichagulia jina la chombo kilichoufuata mwezi hukohuko uliko.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka wasomaji walitafakari. Karabai ilizidisha samaki, lakini ilimtia mvuvi ndoanani. Mafuta hununuliwa kabla ya dagaa kuuzwa. Asiye na fedha hukopa, na aliyekopa huenda ziwani akiwa na deni mtumbwini, hata usiku ambao uzoefu unamwambia kwamba samaki hawatakuja. Mwenye chombo, mwenye taa na mwenye nguvu za kuvuta wavu hawakuwa tena mtu mmoja. Dagaa wakikosekana, mafuta yamekwisha kuwaka; kwake yeye kidagaa kimekwisha kumwozea kabla hajakivua.

Udhaifu wa chambo cha kununuliwa ulidhihirika zaidi nyakati za shida. Vita vilivyoanza Burundi mwaka 1993 vilivuruga kazi za ziwani, na vikwazo vya uchumi vilivyowekwa na nchi jirani tangu 1996 hadi 1999 vilifanya mafuta kuwa adimu. Katika miaka hiyo ya 1990 ule uvuvi wa jahazi za chuma nao ulikoma upande wa Burundi. Wavuvi wadogo ndio waliobaki.

Taa za leo

Katika miaka ya karibuni karabai nayo imeanza kuwa historia. Taa ndogo za umeme, zitumiazo betri ambazo nyingine huchajiwa kwa nguvu za jua, zimeenea katika maziwa yetu makuu. Hazihitaji mafuta ya taa, hazipasuki kwa tone la mvua, na hazimtii mvuvi moshi machoni. Kwa maana moja zimemrudishia uhuru aliokuwa nao mzee wa kuni: akiisha kununua taa, mwanga wa kila usiku haumgharimu sana.

Lakini yapo mashaka. Chambo kilipokuwa ghali, ughali wenyewe uliwazuia watu wasiwashe taa nyingi. Chambo kikiwa rahisi, kila mtu huongeza taa ili asishindwe na jirani yake, na nyavu zenye matundu madogo hukomba hata samaki wachanga. Haya yanatokea wakati ziwa lenyewe limedhoofika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba maji ya juu yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye rutuba, na ukuaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa kiasi cha asilimia 20. Mimea hiyo ndiyo chakula cha vidudu, na vidudu ndivyo chakula cha dagaa. Taa haizai samaki. Huwakusanya tu waliopo.

Kwa sababu hiyo nchi nne zenye ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia sahihi mkataba wa pamoja jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na chombo cha kuusimamia kina makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Wapo wavuvi walionung'unika, na manung'uniko yao yanaeleweka, kwa kuwa tumbo halina likizo. Hata hivyo wazo lenyewe si geni. Mwezi ulikuwa ukiwapumzisha samaki karne nyingi kabla ya serikali yoyote.

Wajibu wetu

Historia hii yatufundisha kwamba mvuvi anapobadili chambo, haibadili bahati yake peke yake. Hubadili pia deni lake, majirani zake na ziwa lake. Ni somo linalofaa kufundishwa darasani pamoja na ngeli na methali.

Tena iko kazi ambayo hatuna budi kuifanya upesi. Wazee waliovua kwa lusenga wanapungua, na karabai zinatundikwa kutani. Mwalimu wa Buyenzi, ambako Kiswahili kimekita mizizi, au wa Rumonge, Uvira au Kigoma, anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa wavuvi na daftari: waulize sehemu za wavu zinaitwaje, usiku wa giza wa kwanza una jina gani, nahodha husema neno gani anapoamuru taa zizimwe na wavu uinuliwe. Maneno hayo ni ya Kiswahili chetu sote, ingawa mengi hayajaingia kamusini. Yakusanywe sasa, wakati wenye kuyatumia wangali wanakwenda ziwani.