Zulia la majani kwenye tangi la samaki: udongo kwanza, maji baadaye

Vijana wengi wa Pwani riziki imewapeleka bara, na Kitengela ni mmoja wa miji iliyowapokea. Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni mmoja wao. Anafuga samaki wa mapambo katika tangi la kioo sebuleni kwake, huku maji ya matumizi ya nyumbani akiyanunua kwa mtungi au kwa lori. Kwake ndiko nilikojua kwamba zulia la majani ndani ya tangi linaweza kuoteshwa bila maji mengi, kisha likafurikwa likishakomaa. Naeleza hapa namna ya kufanya hivyo kwa sababu inaokoa maji, fedha na roho za samaki.

Zulia ni nini?

Ni mimea mifupi inayotambaa na kufunika sakafu ya tangi kama nyasi za uwanjani. Inayojulikana zaidi ni Monte Carlo, Glossostigma, Eleocharis ambayo ni kama vinyasi vyembamba, Marsilea yenye majani kama ya klova, na ile ndogo kuliko zote iitwayo Hemianthus callitrichoides, ambayo asili yake ni Cuba. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, ndiye aliyewapendezesha watu wengi duniani kwa matangi yaliyotandikwa kijani namna hii.

Mimea hii si ya majini tu. Kwa asili huota kandokando ya mito na madimbwi, mahali ambapo maji hupanda na kushuka. Mashamba yanayoiuza duniani aghalabu huikuza nje ya maji, kwenye vibanda vyenye unyevu. Kwa hiyo anayeianzishia pakavu anaiendeleza katika hali ambayo imeshaizoea.

Sisi wa Pwani tuna mfano wetu. Katika madimbwi ya msimu wa mvua, kuanzia pwani ya Kenya hadi Tanga na Unguja, wapo samaki wadogo wa rangi wa jamaa ya Nothobranchius. Dimbwi likikauka wao hufa, lakini mayai yao hubaki hai ndani ya tope hadi mvua nyingine. Uhai wa dimbwi hungoja udongoni, na maji huja kuuamsha.

Kwa nini pakavu ni rahisi?

Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga na hewa ya kaboni. Hewa hiyo husafiri ndani ya maji polepole mara elfu kumi hivi kuliko inavyosafiri angani. Ndiyo maana wenye matangi hununua mitungi ya gesi ili mimea ikue upesi. Mmea ulio nje ya maji hupata kaboni bure kutoka angani, ukaotesha mizizi kwa haraka. Tena mwani hauna maji ya kuelea, na samaki hawapo wa kuung'oa mche kabla haujashika.

Upande wa maji, tazama hesabu. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, karibu mitungi mitatu ya lita 20. Anayelijaza siku ya kwanza juu ya udongo wenye rutuba hushauriwa kubadilisha nusu ya maji kila siku kwa juma zima. Hizo ni lita 189, mitungi tisa na nusu, kabla hajaona jani jipya. Anayeanza pakavu hutumia lita nne au tano kulowesha udongo, na baada ya hapo ni kupulizia tu. Kwa mtu wa Kitengela hilo si jambo dogo.

Hatua kwa hatua

Tandaza udongo maalumu wa matangi, au udongo wa bustani usio na mbolea mbichi uliofunikwa kwa mchanga safi. Mbele uwe na kina cha sentimita tatu, nyuma sita au saba. Usitumie ule udongo mweusi wa tambarare za Kitengela na Athi River peke yake. Ukilowa huvimba na kunata, na mizizi hukosa pumzi.

Mimina maji hadi yakaribie uso wa udongo bila kuufunika. Udongo uwe kama sifongo iliyolowa. Ukiona kidimbwi, kinyonye kwa kitambaa.

Gawa mimea katika vishada vidogo na uipande kwa kibano, sentimita mbili au tatu kati ya kishada na kishada. Ile inayouzwa ndani ya vikopo vyenye utelezi kama jeli ioshwe kwanza hadi jeli iishe.

Funika tangi kwa kioo au plastiki angavu. Hapa ndipo Kitengela na Kajiado zinapotofautiana na kwetu. Ziko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na upepo wa tambarare hukausha kila kitu. Mwanya mdogo wa kifuniko unaweza kuunyausha mche kwa siku moja. Fungua dakika chache kila siku hewa ibadilike, pulizia maji mepesi, kisha funga. Mwezi wa Julai usiku huwa wa baridi kali, kwa hiyo tangi likae mbali na dirisha.

Washa taa saa 10 hadi 12 kwa siku. Subiri wiki sita, na nane kama mimea ni mizito kukua. Ukivuta kishada taratibu nacho kikashikilia, mizizi imeshika.

Tahadhari na mbegu. Ziko zinazouzwa mtandaoni zikiitwa mbegu za zulia, ambazo huota kwa siku chache na kupendeza sana. Nyingi si za mimea inayoweza kuishi chini ya maji. Zikifurikwa huoza na kuharibu tangi zima. Vilevile, mimea ya majini halisi kama Vallisneria na Cabomba haianzishwi pakavu. Hiyo hunyauka.

Mawe na mchanga

Kajiado ni nchi ya mawe ya chokaa na marumaru, na viwanda vya saruji vya Athi River vimetegemea chokaa ya huko. Vijiwe vyeupe vya mapambo vinavyouzwa kando ya barabara hupendeza machoni, lakini huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu. Dondoshea jiwe matone ya siki au ndimu; likitoa povu, liache. Mchanga wa bahari wa kwetu nao una vigae vya kombe na chumvi, haufai.

Kufurika

Weka sahani juu ya zulia na umimine maji juu yake polepole, ili udongo usichimbuke. Maji ya bomba yenye dawa yakae wazi siku nzima kwanza. Punguza taa hadi saa sita au saba, kwa sababu sasa mwani nao umepata nafasi. Majani ya zamani yatageuka manjano na kuyeyuka. Usishtuke: yaliumbwa kwa hewa, na mmea unaotesha mengine ya majini. Yaokote yasioze humo. Asiye na mtungi wa gesi achague Monte Carlo au Marsilea, wala asianze na ile ndogo ya Cuba, kwani bila kaboni ya ziada huyeyuka yote.

Badilisha nusu ya maji mara tatu kwa juma kwa majuma mawili. Maji yanayotoka yana rutuba, mwagilia sukuma wiki.

Samaki wangoje. Udongo hutoa amonia, na viumbe vidogo vinavyoigeuza kuwa nitriti kisha naitreti huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Amonia huwa kali zaidi maji yakiwa na hali ya magadi, na visima vingi vya Kajiado ndivyo vilivyo; Ziwa Magadi lenyewe limo ndani ya kaunti hiyo. Kiasi ambacho samaki angekivumilia katika maji ya mvua kinaweza kumuua katika maji ya kisima. Nunua kipimo, na usitie samaki hadi amonia na nitriti zisome sufuri. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye mabati, yakichanganywa na ya kisima, hupunguza ukali huo.

Ukiifanya Pwani

Unyevu tunao, joto ndilo adui. Tangi lililofunikwa Mombasa au Lamu mwezi wa Machi hugeuka tanuri na kuota kuvu. Liweke kivulini, fungua mara mbili kwa siku, na sehemu yenye kuvu ikatwe mara moja. Maji ya visima vyetu vya mawe ya matumbawe ni ya chumvi na magumu, basi kinga ya mvua.

Mabaki yasiende mtoni

Utakapoanza kulikata zulia, vipande ni vingi, na kila kimoja kinaweza kuota. Vikaushe juani hadi viwe vikavu kabisa ndipo uvitupe. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini kama ua la kupendeza, na wavuvi wa Ziwa Victoria wanajua lilipofikia. Mto Kitengela huingia Mto Athi, Athi ukawa Galana, Galana ukawa Sabaki, na Sabaki humwaga baharini kaskazini mwa Malindi. Kinachotupwa mtaroni Kitengela kina njia ya kufika kwetu.