Nshamba
Nshamba ni kata ya Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Wakazi wake wengi ni Wahaya, ambao nyumbani huzungumza Kihaya, ilhali shuleni na ofisini hutumika Kiswahili, na sokoni lugha hizo mbili huchanganywa kulingana na anayeongea na anayeongeleshwa. Nyumba huzungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba iliyopandwa pamoja na mibuni na maharage, ambalo hutoa ndizi za kupika na za kutengenezea rubisi, pombe ya kienyeji. Mwaka 1962 mlipuko wa kucheka kusikozuilika, ulioanzia katika shule ya wasichana ya Kashasha, ulienea hadi Nshamba, ambako uliwapata watu 217.