Singe: Silaha ya Vita au Kisu cha Kambini?

Mwalimu asomeshaye Kiswahili hapa Kigali hawezi kukosa, siku moja, kuulizwa na mwanafunzi maana ya neno singe. Kamusi humjibu kwa ufupi: ni kisu kichomekwacho kwenye mtutu wa bunduki. Jawabu hilo ni sahihi, lakini halimwambii mwanafunzi kisu hicho kilifanya kazi gani. Tukiipima singe kwa matendo yake, wala si kwa sifa ilizopewa, tutaona kuwa ilichoma watu wachache kuliko inavyodhaniwa, na kwamba sehemu kubwa ya umri wake ilipita kambini, penye kuni, nyama na makopo.

Neno lenyewe lina ndugu yake Bara Hindi, ambako husemwa sangin. Mji wetu nao ni mtoto wa zama za singe. Richard Kandt, mwakilishi wa Wajerumani, alipouanzisha mwaka 1907, alikuwa na askari wachache. Na pamoja na askari na wafanyabiashara wa kutoka pwani kikaja Kiswahili. Hata leo Mnyarwanda humwita mwanajeshi umusirikare, neno litokalo katika "serikali" ya Kiswahili.

Askari wengi wa Kijerumani katika Afrika Mashariki walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, itoayo moshi mzito na kuhitaji kutiwa risasi upya kila inapopigwa. Mwenye bunduki ya namna hiyo alikuwa na haja ya kweli ya singe, kwani adui akimfikia kabla hajatia risasi ya pili, bunduki yake hugeuka mkuki. Katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914, askari wa von Lettow-Vorbeck waliwaendea kwa singe wanajeshi wa Uingereza waliotoka India, na wengi wao wakakimbilia ufukweni. Bunduki za rashasha nazo zilifanya kazi yake siku ile, hilo hatulikatai. Lakini tuangalie vema: waliokimbia hawakuchomwa. Singe ilishinda kwa kuogopwa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwingineko. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, madaktari waliandika aina za majeraha waliyoyatibu, na ya singe hayakufika moja katika mia. Wako wasemao kwamba waliochomwa hawakuwahi kumfikia daktari. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi kuziba pengo kubwa kiasi hicho.

Watengenezaji wa silaha, kwa upande wao, hawakuweza kukata shauri. Wajerumani walianza na singe ya 1871, yenye ubapa wa karibu sentimeta 47, upanga hasa. Mwaka 1884 wakaipunguza hadi sentimeta 25 hivi, ikawa kisu cha kufaa kiunoni na jikoni. Wafaransa walishika njia nyingine. Singe yao ya 1886 ilikuwa chuma chembamba cha pande nne, kirefu cha sentimeta 52, cha kudunga tu. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, husema wahenga. Mwenye singe ile hata mkate ungemtaabisha.

Kisa kilichotuvutia zaidi ni cha singe ya Kijerumani ya 1898/05. Ubapa wake ulipanuka kuelekea ncha ili upate uzito wa kukatia miti, na baadhi yake zilitiwa meno ya msumeno mgongoni, zipasue mbao. Ilikuwa zana ya fundi. Vita Vikuu vya Kwanza vilipopamba moto, maadui wakatangaza kwamba meno yale yamewekwa makusudi ili yararue matumbo ya watu. Lawama ikaenea hata Wajerumani wenyewe, kabla vita havijakwisha, wakayasaga meno na kuyaondoa. Maskini msumeno! Uliumbwa kwa ajili ya miti ukahukumiwa kwa ajili ya nyama ya binadamu. Na katika mahandaki yale yale, wakati wa kupigana ana kwa ana ulipofika, askari wengi walipendelea rungu, au sepetu iliyonolewa, kuliko singe ndefu isiyogeuzika mahali pembamba.

Huku kwetu zana ya kufyekea ilikuwapo tayari. Askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa Burma mwaka 1944 walifyeka msitu kwa panga; singe haikuweza kushindana nalo katika kazi hiyo. Nasi twaandika haya Kigali, ambako haiwezekani kutaja panga tukaishia shambani. Katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi, Aprili hadi Julai 1994, umupanga, kifaa cha kila nyumba, ulitumiwa kuua watu. Haukuhitaji kubadilishwa umbo hata kidogo. Kwa sababu hiyo twaona kwamba ubishi wa mafundi juu ya urefu na meno haujibu swali lote la kutenga zana na silaha.

Singe za baadaye zimeelemea upande wa kazi. Ile ya Kisovieti ya mwaka 1959, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya AKM, ina tundu katika ubapa. Ikipachikwa kwenye ala yake huwa mkasi wa kukatia seng'enge. Hata hivyo ile kazi ya kale haijatoweka. Mwezi Mei 2004, karibu na Amara nchini Irak, wanajeshi wa Uingereza walichomeka singe na kuwavamia adui zao mahandakini. Mwaka 2010 jeshi la nchi kavu la Marekani liliondoa shambulio la singe katika mafunzo ya mwanzo ya askari wake, ingawa singe yenyewe likaendelea kuwa nayo.